Sala Tuliyoisikia Nusu

Watu wa siku hizi wakitaka baraka huomba kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukakosa usingizi. Siwacheki. Mimi niliwahi kuomba kwa sauti yangu ya kuzaliwa, bila mashine yoyote, ikavuka mpaka wa shamba, ikaingia nyumba ya watu na kufanya uharibifu ambao karibu unishinde kuufuta.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya bendera yetu kupandishwa. Nilikuwa bado mke kijana, mwenye watoto wawili na mdomo usiojua kupumzika, nimeolewa kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Kakamega. Kwetu ni upande wa Isecheno. Baba yangu alikuwa mlinzi wa msitu, na mimi nilikua nikidhani kwamba ardhi ni kitu kisicho na mwisho, kwa sababu kila nilikotazama kulikuwa na miti, na nyuma ya miti hiyo kulikuwa na miti mingine. Kisha nikaolewa mahali ambapo ukipiga chafya jirani anakuuliza kama umepata homa.

Baba mkwe, kabla ya kufariki, aliwagawia wanawe wawili shamba lake kuanzia barabarani hadi kijitoni, kila mmoja ukanda wake. Alikuwa mtu wa haki. Aligawa kwa kamba, akapanda mimea ya mpaka kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kamba haioni kilichomo ardhini. Ukanda wa shemeji yangu ulipata bonde lenye maji kule chini, ambako nduma zilinawiri mwaka mzima. Ukanda wetu ulipata jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa nyumba mbili, limekaa katikati ya shamba, wala halikuwa na mpango wa kuondoka. Nilianika nafaka ya wimbi juu yake, watoto wakateleza juu yake, na mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa kulalamika, alikuwa akisema kwamba angalau hakuna mwizi atakayelibeba.

Bahati yangu kwenye kilima kile ilikuwa mke wa shemeji. Kwetu wake wa ndugu huitana mke mwenza, ingawa kila mmoja ana mume wake, na wageni wakisikia hushtuka. Mwenzangu huyo alitoka upande wa Mumias, karibu na Ekero. Alikuwa Mkristo kama mimi, lakini alikulia kati ya majirani Waislamu na salamu zao alikuja nazo. Kila asubuhi nilipotoka nje nilisikia kutoka ng'ambo ya mpaka, "Sabalkheri!" nami nikajibu, "Sabalkheri!" na hapo tulikuwa tumeanza. Tulilima tukizungumza, yeye upande wake, mimi wangu, tukiteremka kuelekea kijitoni mstari kwa mstari. Tulipofika chini tulikuwa tumewamaliza watu wote: nani ameachwa, nani ananenepa, nani amenunua redio na hajui kuifungua. Nilimpenda sana. Sijapata rafiki mwingine wa namna ile, wala sikumtafuta.

Siku hizo habari iliyokuwa midomoni mwa kila mtu ilikuwa Lugari. Wazungu walikuwa wakiondoka kwenye mashamba yao ya mahindi, na serikali ilikuwa ikiyakata vipande na kuwapa wananchi. Waume zetu wote wawili walikuwa wameandikisha majina kwa chifu. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshahamia huko kwa maneno. Tulipanga kuomba vipande vilivyopakana, tukagombania nani atakaa upande wa barabara, tukapatana. Hatukuwahi kufikiria kwamba mmoja anaweza kupata na mwingine akakosa.

Kanisa letu nalo lilikuwa limeezekwa upya kwa harambee. Nyasi ziliondolewa, yakaja mabati, nasi tuliyatazama kutoka mbali yanavyong'aa tukajiona watu. Kuna jambo moja tu hatukulijua kuhusu mabati. Kakamega mvua hunyesha mchana, karibu kila siku, na chini ya paa la nyasi ilikuwa mnong'ono tu. Chini ya mabati yasiyo na dari ilikuwa mwisho wa mazungumzo yote.

Jumapili hiyo alikuja mhubiri mgeni kwa baiskeli, mwanamume mwembamba ndani ya koti pana. Ibada zetu zilikuwa ndefu, na zamu yake ilipofika mawingu yalikuwa yameshakusanyika. Alisema amekuja kutufundisha sala fupi iliyomo ndani ya Biblia, katikati ya orodha ndefu ya majina ya mababu, mahali ambapo wasomaji wengi huruka. Akasema kwamba mtu mmoja aliomba sala hiyo, na Mungu akampa alichoomba. Ina maombi manne. Akainua mkono, vidole vinne hewani, na kanisa zima likaketi vizuri.

Kidole cha kwanza: Mungu akubariki kwelikweli. Tukasema amina. Kidole cha pili: Mungu akupanulie mipaka yako. Hapo amina ilitoka kwa namna nyingine kabisa, maana hapakuwa na mtu mle ndani ambaye mpaka haukumbana. Wanaume walitazamana. Mzee mmoja wa nyuma alisema amina mbili. Kisha mvua ikapiga mabati.

Kidole cha tatu tulikiona. Cha nne tulikiona pia, na mdomo wa mhubiri ukifunguka na kufungika, na mishipa ya shingo imemtoka. Hata waliokaa benchi la mbele walisema baadaye kwamba hawakuambulia kitu. Mvua ilipopungua alikuwa ameshafunga Biblia yake, akapanda baiskeli ili awahi kabla barabara haijaharibika zaidi. Tulirudi nyumbani na nusu ya sala, na furaha ya watu waliopewa yote. Njiani tukabahatisha iliyobaki. Mume wangu alisema kidole cha tatu lazima kilikuwa ng'ombe. Mwenzangu alisema cha nne ni mvua isinyeshe Jumapili. Tulicheka mpaka ikabidi tusimame.

Mimi lakini sikuwa na haja ya vidole vingine. Changu nilikuwa nimeshakipata. Na kwa akili yangu ya wakati ule niliona kwamba ombi la mpaka haliwezi kuombwa kitandani; lazima liombwe mpakani, Mungu aone kinachozungumzwa. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, nilikwenda nikasimama kwenye ile mimea ya baba mkwe, nikainua mikono. Sijui kuomba kwa sauti ndogo.

"Baba, nibariki kwelikweli! Panua mpaka wangu! Usogeze, Baba, usogeze!"

Hilo la kusogeza halikuwa la mhubiri. Nililiongeza mwenyewe.

Asubuhi ile sabalkheri haikuja. Nilidhani mwenzangu amechoka, maana alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeanza kumlemea. Jumanne nikaomba tena, kwa nguvu zaidi, na nilipofumbua macho nilimwona amesimama upande wake, jembe begani, tumbo mbele.

"Unaombanga nini hapo?"

"Ile sala ya Jumapili."

"Unaomba mpaka isogee."

"Ndiyo."

"Isogee iende wapi?"

Nilitazama huku na huku. Upande huu wa mpaka nilikuwapo mimi. Upande wa pili alikuwapo yeye. Hapakuwa na mahali pengine pa kuusogeza.

"Naombea Lugari," nikasema.

"Lugari iko huko," akasema, akinyoosha mkono kaskazini. "Wewe umeangalia nduma yangu."

Akaondoka. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amenitangulia mpakani, amefumba macho, naye anaomba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. "Panua shamba ya bwana yangu, Baba. Hata hiyo jiwe yao tutachukua."

Sasa hiyo ilinichoma. Jiwe lile nililitukana kila siku, lakini lilikuwa jiwe langu. Nikaanza kuomba juu ya maombi yake, akapandisha, nikapandisha, mpaka kuku wakakimbilia chini ya ghala na waume zetu wakatoka nje wakifunga mikanda. Sikuwa peke yangu, nitasema hilo kwa kujitetea. Wiki ile kilima kizima kilikuwa na watu waliosimama mipakani asubuhi, kila mmoja akimwomba Mungu ardhi ambayo mwenzake alikuwa anaikanyaga. Chifu alilazimika kutangaza barazani kwamba serikali inaheshimu sala, lakini wananchi waombe wakiwa ndani ya nyumba zao.

Wengine walitii, wakacheka, yakaisha. Sisi wawili hatukucheka. Tuliacha kusemezana. Kuku wangu akivuka alirushwa juu ya mimea ya mpaka akarudi akipiga kelele, bila neno la mtu. Tulilima kwa zamu, yeye asubuhi, mimi baadaye, ili tusikutane. Waume zetu, watu wa amani wote wawili, walikutana kijitoni kwa siri, wakavuta tumbaku na kuzungumza, kisha kila mmoja akapanda kwake na uso mkali ili kumridhisha mkewe. Nilijua, kwa sababu mume wangu hakuweza kununa vizuri hata alipojitahidi.

Alasiri mbili kila wiki mwenzangu alikwenda ngumbaru, yaani darasa la watu wazima, ambalo mwalimu wa shule ya msingi alilifundisha mle mle kanisani. Tulikuwa tumelianza pamoja. Mimi niliacha siku ya tatu, nikasema ubao unaniumiza macho. Ukweli ni kwamba sikupenda kushindwa mbele ya watu. Yeye aliendelea, na sasa nilimwona akipita barabarani na tumbo lake, daftari na Biblia kwapani, macho mbele kama askari wa gwaride. Vitabu vya kusomea vilikuwa haba, hivyo walisomea Biblia.

Hasira yangu ilinitosha wiki mbili. Baada ya hapo nilikuwa naifuga tu. Nilikuwa na habari nyingi mno na mtu wa kumpa hayupo. Mke wa mwalimu mkuu alipoanguka kwenye pipa la maji mbele ya wageni, niliona kwa macho yangu, nikageuka kutafuta mtu wa kumshika mkono tucheke, nikakuta ni mimi na jiwe.

Mama mkwe alikaa juu kabisa, karibu na barabara, mahali ambapo kanda zote mbili zilianzia, na kutoka mlangoni mwake alituona sote. Hakuwa mtu wa kanisa sana. Jioni moja nilimpelekea obusuma na mboga. Akaumega ugali wake taratibu, akala, akanawa, ndipo akasema.

"Mwenzako ameshachagulia mtoto jina. Jina ya hii ugomvi yenu."

Lazima nieleze. Kwetu mtoto anaweza kupewa jina la mambo yaliyokuwapo alipozaliwa. Wapo wa njaa, wapo wa njiani, wapo wa mavuno. Mume wangu mwenyewe alizaliwa wakati wa nzige akapewa jina lao, na maisha yake yote hakuna mtu aliyejulishwa kwake asiyemuuliza habari za nzige, ambao yeye hakuwaona hata mmoja. Jina la namna hiyo halivuliwi.

Kwa hiyo niliposikia maneno ya mama mkwe, niliuona mbele yangu umri wote uliobaki. Kila asubuhi mwenzangu angetoka mlangoni na kumwita mtoto aje anywe uji, aje achote maji, aje achape mbuzi watoke kwenye mahindi, na kila mara kilima chote kingesikia ubaya wangu ukiitwa kwa sauti. Mtoto angekwenda shule na jina hilo. Angeoa au kuolewa nalo. Angezikwa nalo. Na hakuwa amenikosea lolote, hata kuzaliwa alikuwa bado. Niliona haya kiasi kwamba sikuweza kunyanyua vyombo.

"Mayi, mwambie asifanye hivyo," nikamsihi kwa neno letu la mama.

"Mwambie wewe. Si uko na mdomo."

Sikumwambia. Mara tatu niliteremka mpaka kwenye mpaka, mara tatu nikarudi na kuni ambazo sikuzihitaji. Kiburi kilikuwa kinanishika miguu, na hofu ilikuwa inakisaidia.

Kisha orodha ya Lugari ikaja. Chifu aliita baraza, karani akasimama juu ya kiti akasoma majina. Yalikuwa machache kuliko watu. Jina la mume wangu lilisomwa karibu na mwisho. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sitaki kusema uongo, nilifurahi, nilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Kidole cha kwanza na cha pili, vyote viwili, mkononi mwangu! Ndipo nikatazama upande wa wanawake wengine nikamwona mwenzangu anainuka polepole, mkono mmoja kiunoni, anakwenda zake. Jina la mumewe halikusomwa. Furaha yangu haikuisha, lakini kuanzia hapo ilikuwa na kokoto ndani.

Tukaanza kufunga mizigo. Mume wangu alikwenda kuliona shamba akarudi haongei, anacheka tu. Alisema ukisimama mwanzo wake, mtu aliyesimama mwisho wake unamwona mdogo. Alisema mpaka wake umefungwa waya. Nilimuuliza majirani ni akina nani. Akasema hawajafika bado, na hata wakifika watakuwa mbali. "Unaweza kuomba kwa sauti yoyote," akaniambia kwa utani. Nilimjibu kwa ukali, naye hakujua kwa nini.

Wiki moja kabla ya kuhama, asubuhi, nilikuwa nafunga magunia niliposikia mimea ya mpaka inavunjika. Mama mkwe alikuwa amekata moja kwa moja katikati yake, hakuzunguka njiani.

"Kuja," akasema.

"Kuna nini, mayi?"

"Mtoto amekataa kutoka tangu jana. Mkunga anasema kuna maneno imekwama. Kuja uteme yako."

Hiyo ilikuwa desturi ya ukoo wetu. Mama akishindwa kujifungua, mwenye ugomvi naye huitwa, anasema kilicho moyoni mwake bila kupunguza, kisha anachukua maji mdomoni na kuyatema nje ya mlango, na maneno yanakwenda nayo. Kanisa lilikuwa limetuambia tuiache. Lakini zahanati ilikuwa mbali, na mkunga yule alikuwa amempokea karibu kila mtu wa kilimani, pamoja na mchungaji.

Nilikimbia. Mwenzangu alikuwa amepiga magoti, ameshika nguzo ya katikati ya nyumba, gauni limemganda mgongoni kwa jasho. Hakugeuka. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno: kwamba nilikuwa nikiombea Lugari, na kweli ndiyo tuliyopata, hivyo hakuna ubaya uliofanyika. Nilikuwa nimelisema hilo mara nyingi hata nikaliamini. Lakini nilipouona mgongo wake unavyotetemeka, uongo ulinishinda.

"Niliangalia nduma yako," nikasema. "Naomba Mungu na macho yangu iko kwa nduma yako. Nilijua. Tangu ile siku ya kwanza nilijua."

Mkunga akanipa kata ya maji, nikatema nje, nikarudi kusimama.

"Na mimi je," mwenzangu akasema, bado ameielekea nguzo. "Mimi niliomba nyinyi mkose Lugari. Kila siku. Na nikaomba hiyo jiwe."

"Jiwe ungefanyia nini?"

Akafikiria. Uchungu ukaja, ukamkunja, ukapita.

"Sijui," akasema. "Nilitaka tu wewe ulie."

Mkunga ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona akicheka mpaka ufizi. Mimi nilijikaza, kisha nikashindwa. Na mwenzangu, akiwa amepiga magoti, jasho likimdondoka puani, alicheka akilia "wacheni, mtaniua." Akapewa maji, akatema yake hapo hapo karibu na miguu yangu, maana mlangoni hangefika.

Alipopata pumzi akaniambia, "Halafu hukumaliza."

"Kumaliza nini?"

"Hiyo sala. Iko na mbele. Nilienda nikauliza mwalimu, akanionyesha ukurasa, nikasoma mwenyewe. Kidole ya tatu, huyo mtu anaomba mkono ya Mungu ikuwe pamoja na yeye. Kidole ya nne, Mungu amuepushe na ubaya, isimletee huzuni. Ndiyo hiyo. Inaishia hapo."

"Ulisoma lini?"

"Wiki tano sasa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Si hatuongei."

Nimeifikiria sala ile miaka mingi tangu siku hiyo, na bado ninaipenda. Sioni kosa kumwomba Mungu shamba. Yule mtu aliomba kwa kinywa kipana na hakukemewa, alipewa. Lakini hakuishia kwenye mpaka. Alijua kwamba atakapopewa nafasi atahitaji mkono wa kumwongoza ndani yake, na atahitaji kuzuiwa asiingie kwenye mabaya. Mimi nilichukua sehemu ya kupokea nikakimbia nayo, nikaiacha sehemu ya kushikwa mkono. Na mvua haikuwa na hatia. Ningetaka kujua, ukurasa ulikuwapo na darasa lilikuwapo. Mwenzangu, mwenye tumbo na hasira zake, alikwenda akautafuta.

Siku ile tuliiomba yote. Aliitangulia yeye, mimi nikafuata nyuma yake kwa sababu sikuijua, tumeshikana mikono, akinifinya kila uchungu ulipokuja mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kabla ya adhuhuri mtoto alitoka. Alikuwa msichana, mwenye mapafu ya kupiga kelele. Mama mkwe alisema ni maji. Mimi nilisema ni sala. Mkunga, akinawa mikono, alisema ni kile kicheko, kilimlegeza.

Kwa furaha ile nilisahau jambo la jina, nikalikumbuka usiku nikiwa nimeshalala. Tulikuwa tumesameheana, lakini yeye alikuwa amelitamka jina lile mbele ya mama mkwe, na kwetu maneno kama hayo hayarudishwi ovyo. Mimi sikuwa na haki ya kuuliza. Siku mbili zilizofuata nilimpelekea uji, nikamfulia, nikazungumza habari zote nilizokuwa nimezilimbikiza, tangu lile pipa la maji, na kila nilipomwangalia mtoto nikajiuliza kimya kimya anaitwaje.

Siku ya tatu ilikuwa ya jina. Nilimchinja ingokho wangu, yule yule kuku wa kurushwa, nikampika, nikaja naye. Watu wa nyumbani tu ndio walioketi: waume zetu wawili, bega kwa bega bila kujificha tena, watoto, mama mkwe. Mama mkwe alimpokea mtoto, akamgeuza huku na huku, akauliza, kama inavyoulizwa, mtoto huyu tumwite nani.

Mwenzangu alimwangalia mtoto. Niliangalia sakafu.

"Nilikuwa nimeapa," akasema. "Mayi, wewe ulisikia. Lakini nimesoma hiyo ukurasa mara nyingi. Huyo mtu wa sala, mama yake alimzaa na uchungu mingi, akamwita jina ya hiyo uchungu. Imeandikwa. Akatembea nayo mpaka akakuwa mtu mzima, ndiyo akaomba Mungu amuepushe na huzuni. Mimi sitaki huyu akuje aombe Mungu amtoe kwa kitu nimemwekea mimi."

"Sasa?" mama mkwe akauliza.

"Sasa huyu mwenye mdomo anaenda Lugari." Aliniashiria kwa kidevu. "Asubuhi nikitoka nje, nitakuwa naita nani?"

Hakungoja jibu. Alimchukua mtoto kutoka kwa mama mkwe, akamweka mapajani, akamwinamia, akaita jina langu, mara moja tu, kulijaribu.

Mimi ndiye niliyeitika.